Dakika 25 za Maisha Mazima: Nimeitazama Tena The Inner Light

Watazamaji wangu, hamjambo? Karibuni. Leo sina simu mpya wala spika ya kuwaonyesha. Nina episodi moja tu ya tamthilia ya zamani, Star Trek: The Next Generation, msimu wa 5, episodi ya 25. Inaitwa The Inner Light, na ilirushwa Marekani Juni 1992. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona, simamisha video hapa, kaitazame kwanza, halafu urudi.

Haya. Nahodha Picard, anaigiza Patrick Stewart, yuko chomboni mwake angani. Kinatokea kifaa kidogo kisichojulikana, kinammulika, anaanguka. Anafumbua macho yuko kijijini, sayari ya Kataan. Ana mke, Eline. Kila mtu anamwita Kamin. Anakataa katakata, na miaka 5 baadaye bado anauliza nyota zake ziko wapi. Kisha taratibu anazoea, anazaa, anazeeka, anaitwa babu. Na kule chomboni? Amelala sakafuni dakika 25 tu.

Kijiji kina ukame, jua linazidi kuwa kali. Uwanjani wamepanda mti mmoja na wanaupa maji wanayojinyima wenyewe. Jamani, mimi naishi Mbagala, kuna wiki tunanunua maji kwa madumu. Mti wa namna ile ukiuona, unajua umegharimu nini.

Lakini kilichonishika hasa ni viatu. Kamin ana tabia ya kuviacha viatu ovyo, na mkewe anamsema miaka yote. Sasa Eline yuko kitandani, anakata roho, na anachomkumbusha mumewe ni kuweka viatu vyake mahali pake. Yeye anaahidi. Basi. Hakuna hotuba. Mtu aliyeishi na mwenzake miaka mingi huaga hivyohivyo, kwa neno la nyumbani, na ndiyo maana naamini kila sekunde ya ndoa ile. Halafu yule kijana anayeigiza mwanawe, Batai, ni Daniel Stewart, mtoto wa kumzaa wa Patrick Stewart. Mtazameni baba anavyomwangalia.

Kasoro zipo. Kila tunaporudishwa chomboni kwa daktari na mashine zake, mimi natamani kurudi kijijini. Na watu wa Kataan, ambao kurusha roketi tu kwao ni kazi kubwa, waliwezaje kuunda kile kifaa cha kuingia akilini mwa mtu? Hilo halikuelezwa, na lilihitaji maelezo. Bado, tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, waliyoipata 1993 walistahili, na kwangu hii ndiyo episodi bora ya tamthilia nzima.

Safari hii nimeitazama na mama yangu, umeme umekatika, tumeinamia simu. Kiingereza hakijui, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Tukafika pale Picard anapozinduka. Kumbe jua la Kataan lililipuka miaka 1,000 iliyopita na watu wote wakateketea. Kile kifaa walikirusha ili apatikane mtu wa kuwakumbuka.

Mama akauliza, "Na wale watoto wake?"

Nikamwambia, "Wamekufa zamani, mama. Kabla hata yeye hajazaliwa."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Maskini, hata kaburi la kuzuru hana."

Nimeitazama episodi hii mara nyingi, na sikuwahi kuliwaza hilo. Mke, watoto, mjukuu, rafiki wa miaka yote, na hana pa kwenda kusimama akawaombea.

Ndipo anapoletewa kisanduku kilichokutwa ndani ya kile kifaa. Anakifungua: filimbi yake ya kijijini, ile aliyojifunza kuipiga kwa tabu, na aliyoipiga siku mwanawe anapewa jina. Anaikumbatia kifuani. Kisha anapiga, peke yake chumbani.

Chaji ilikuwa imebaki asilimia 4. Nikataka kuzima, mama akanishika mkono: "Mwache amalize."