TAHADHARI: 2SC5200 na 2SA1943 feki zinaua amplifaya na spika

Ndugu mafundi, na wewe unayejitengenezea amplifaya nyumbani, kuweni macho na wauzaji wa mtandaoni wanaotangaza transista za autiputi (zinazosukuma spika) 2SC5200 na 2SA1943 "orijino Toshiba" kwa bei ya kutupa. Feki zimejaa sokoni. Ganda ni kubwa kama la orijino, lakini ndani mmebandikwa chipu ndogo ya transista dhaifu.

Hila yao kubwa ni kipimo. Anakutumia video, mita iko kwenye kipimo cha dayodi, anagusa miguu mitatu ya transista: beisi kwenda emita inasoma volti 0.5 au 0.6, beisi kwenda kolekta hivyo hivyo, kolekta kwenda emita hakuna kitu. "Unaona? Nzima kabisa." Kweli ni nzima, lakini hata transista ndogo ya redio ya mkononi inafaulu kipimo hicho. Mita inapitisha miliampea moja hivi, wakati datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ya 2SC5200 inasema volti 230, ampea 15, wati 150. Kubeba wati hizo kunahitaji chipu pana, na upana wa chipu mita ya dayodi haiuoni.

Ndiyo maana amplifaya inawaka, inaimba vizuri kwa sauti ya chini, halafu siku ukifungua sauti, paa! Chipu imezidiwa na joto, kolekta na emita zimeshoti. Kama amplifaya haina kinga ya spika, au rilei yake (swichi inayoikata spika) imeganda, DC yote (umeme wa mkondo mnyoofu) ya pawa saplai inaingia kwenye spika. Volti 50 kwenye koili ya omu 6 ni ampea 8 na zaidi, yaani wati 400 na kitu za joto tupu. Koili inaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Ukimrudia muuzaji, atakwambia bodi yako ndiyo mbovu.

Kwa hiyo pima kabla ya kulehemu. Weka transista kwenye mizani ya vito: 2SC5200 ya Toshiba ina takriban gramu 9.75, na feki nyingi ni nyepesi kwa sababu bati la mgongoni ni jembamba. (Usichanganye na 2SC5200N, hiyo ina umbo dogo kwa asili yake.) Kisha chukua mita ya LCR (inayopima koili, kapasita na rezista), pima kapasitansi kati ya beisi na kolekta, emita ukiiacha wazi. Datashiti inatoa pikofaradi 200 kwa 2SC5200 na 360 kwa 2SA1943, na hizo zimepimwa kukiwa na volti 10. Bila volti yoyote namba lazima ipande juu ya hapo. Ukisoma 80 au 100, usiifunge. Maandishi futa kwa asetoni. Yakitoka, kitu kimeandikwa upya. Yasipotoka usifurahi bado, wapo wanaochonga kwa leza.

Ushahidi usiopingika ni kuvunja. Kama umenunua kumi, toa moja sadaka: ibane kwenye jiliwa, pasua plastiki, kisha pasua na ile orijino iliyoungua uliyoitoa kwenye amplifaya. Ziweke pamoja. Feki utaiona kwa macho, chipu yake ni kama punje kando ya kipande kipana cha mraba.

Kama feki zimeshalipuka kwenye bodi, usibadilishe autiputi peke yake. Kwanza maliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 100 ya wati 10, si kwa bisibisi. Pima draiva (transista zinazosukuma zile za autiputi), rezista za emita (mara nyingi omu 0.22) na rezista za beisi, maana hukatika pamoja. Badilisha transista zote za chaneli ile kwa pamoja, weka mika (karatasi ya kuzuia umeme) na grisi mpya, hakikisha kolekta haigusi bati la kupozea. Washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto, spika ikiwa nje. Balbu imulike kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, bado kuna shoti. DC kwenye soketi za spika isizidi milivolti 50. Ukishatoa balbu, seti mkondo wa utulivu (unaopita bila muziki kupigwa): kama mtengenezaji anataka miliampea 25, utasoma milivolti 5.5 juu ya rezista ya omu 0.22.

Zile mlizopasua zipigeni picha, chipu na maandishi vionekane pamoja, kisha mdai hela kupitia jukwaa mlilonunulia kabla muda wa malalamiko haujaisha. Zilizobaki kwenye pakiti msimuuzie mwenzenu.