Duka la Vigae Barabara ya Enterprise: Cheti cha Moto Chenye Ukurasa wa Pili

Wateja wengi wa maduka ya paa ya Industrial Area huuliza geji, rangi na bei, na wauzaji wamezoea kujibu hayo tu. Duka nililonunulia vigae vya chuma vyenye chembe za mawe lina sifa inayostahili kutajwa: nilipouliza maana ya "Daraja A" iliyochapishwa katika kijitabu chao, meneja alinitolea cheti cha maabara, akaniacha nikisome bila haraka.

Cheti kilitaja kipimo cha Marekani cha ASTM E108, ambacho hupanga mapaa katika madaraja A, B na C kwa kuyachoma kutoka nje. Kwa Daraja A, kichanja cha vijiti vya mbao chenye uzito wa takriban gramu 2,000 huwashwa na kuwekwa juu ya paa huku upepo ukivumishwa. Kwa Daraja B uzito hushuka hadi gramu 500, na kwa Daraja C kila kipande hakifiki hata gramu 10. Miali nayo hupimwa: paa la Daraja A halipaswi kuieneza kupita mita 1.8, ilhali la Daraja C huruhusiwa hadi mita 4.

Jambo lenye uzito zaidi lilikuwa ukurasa wa pili. Daraja hilo lilitolewa kwa vigae vilivyolazwa juu ya plaiwudi na tandiko maalumu, si kwa vigae pekee, ilhali mafundi wengi wa Nairobi hupigilia vigae moja kwa moja kwenye mbao za mbili kwa mbili. Meneja alikiri tofauti hiyo nilipomwonyesha. Kijitabu, hata hivyo, kinanyamaza kabisa. Aidha, kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu moto unaoanzia jikoni au kwenye nyaya za umeme juu ya dari, kwa hiyo sikuona sababu ya kuacha dari ya jasi nikachukua ya mbao.

Upande wa karatasi angavu za plastiki haukuniridhisha. Mhudumu alisisitiza kwamba polikaboneti "haishiki moto", bila cheti chochote, ingawa hulainika kwenye nyuzi 150 hivi. Vigae nilivinunua, vikaletwa siku tuliyokubaliana; karatasi hizo niliziacha dukani.