Mashine ya kunakili barua ya James Watt: kazi nzuri, ila chunga maji

Jina la James Watt, fundi wa Greenock, Uskoti, limeshikana na injini ya mvuke. Lakini kwa yeyote anayeishi kwa makaratasi, kifaa chake chenye manufaa zaidi ni mashine ya kunakili barua, aliyoipatia hataza mwaka 1780. Shida iliyoizaa ilikuwa yake mwenyewe: injini zake zilikuwa kwenye migodi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, karakana na familia mbali huko Birmingham, na kila barua yenye vipimo ilibidi iandikwe upya kwa mkono ili ibaki kumbukumbu.

Haina mambo mengi: rola mbili, mpini, karatasi nyembamba isiyotiwa gundi, na wino maalumu wa vinundu vya mwaloni (uvimbe unaoota kwenye mti huo), chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Gundi ndiyo inayochelewesha wino kukauka kabisa. Unaandika barua kama kawaida. Unalowanisha karatasi nyembamba, unaikausha kwa karatasi ya kufyonza, unailaza juu ya maandishi, kisha unapitisha zote kati ya rola. Upande uliogusa barua maneno yanatoka kinyumenyume. Igeuze, uyasome kwa nyuma, yamenyooka.

Kinachowashinda wengi ni maji. Karatasi ikimeremeta, bado imelowa mno: wino utatawanyika na herufi zitafungana. Ikikauka kupita kiasi, unapata kivuli tu. Muda nao una hesabu yake. Wino hunakilika hadi saa 24 hivi, ila saa chache za mwanzo ndizo bora. Usijaribu kutoa nakala nyingi kutoka barua moja, maana kila mgandamizo unaondoka na wino kidogo na barua yenyewe inafifia.

Kampuni ya James Watt & Co., aliyoiendesha na wabia wake Matthew Boulton na James Keir, iliuza mashine 150 mwaka wa kwanza. Benjamin Franklin na Thomas Jefferson walikuwa miongoni mwa walioitumia. Mwenye kusafiri asihangaike na ile ya mezani. Achukue ya sanduku, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1790. Hiyo ni kazi ya James mdogo, mtoto wa Watt kwa mke wake wa kwanza, Margaret Miller, aliyefariki 1773 kijana huyo akiwa na miaka minne. Baba alimwoa Ann MacGregor mwaka 1776, wakapata Gregory na Janet, na wote wawili walikufa kabla yake: Janet 1794, Gregory 1804.

Mambo ya nyumba hii tunayajua kwa undani kwa sababu makaratasi yao hayakutupwa. Yako kwenye maktaba ya Birmingham, nakala za mashine zikiwa pamoja na barua za familia, na hapo ndipo kasoro kubwa ya kifaa inapoonekana. Wino wa chuma hugeuka kahawia na kula karatasi, na karatasi yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba kona huchanika kwa kufunuliwa tu. Ukipewa nakala kama hiyo, iinue kwa mikono miwili na uweke karatasi nyeupe nyuma yake. Bila hiyo, maneno ya ukurasa wa chini yanapenya na kuchanganyika na unayoyasoma.