Kubadilisha Fomati za Video kwa Uhariri wa Nyumbani: Fedha Iende Wapi Kwanza

Mtu aliyerekodi harusi, kipaimara au mahafali hapa Mbeya, akarudi nyumbani na kukuta programu ya kuhariri inazikataa faili za kamera yake au inazicheza kwa kukwamakwama, kwa kawaida huanza kutafuta programu ya kununua ili azibadilishe. Kwa maoni yangu, huko ndiko mahali pa mwisho pa kupeleka fedha. Programu bora za kazi hii hutolewa bure na watengenezaji wake, na nyingi kati ya zinazouzwa hufanya kazi ileile zikiwa zimevikwa sura ya kupendeza zaidi. Kinachomkwamisha mhariri wa nyumbani ni uhaba wa nafasi kwenye diski, prosesa isiyoimudu fomati ya kamera, na kutotambua tatizo lake hasa ni lipi. Ndiyo maana nimepanga machaguo haya kwa kufuata mahali ambapo shilingi huleta nafuu kubwa zaidi.

Kabla ya kununua chochote, ijue faili yako

Herufi za mwisho za jina la faili, kama vile MP4, MOV, MTS au AVI, hutaja kasha tu, na kasha ni kama gunia lililofungwa katika soko la Mwanjelwa: kwa nje huwezi kujua kama ndani mna mahindi au maharage. Kilichomo ndani ni picha na sauti zilizobanwa kwa kodeki fulani, yaani mbinu ya kubana na kufungua video, na kodeki hiyo ndiyo inayoamua kama kompyuta yako itaimudu kazi. Faili mbili za MP4, moja kutoka kamera ya zamani na nyingine kutoka simu mpya, zinaweza kutofautiana kabisa kwa ndani. Programu ya bure inayoitwa MediaInfo hukuonyesha kodeki, idadi ya fremu kwa sekunde na aina ya sauti, nami ningemshauri kila mtu aanze nayo.

Kamera ndogo za video ambazo bado zinazunguka sana katika kumbi za Mbeya na Iringa hurekodi kwa AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Ndani yake mna picha zilizobanwa kwa kodeki ya H.264 katika faili za MTS, sauti ambayo mara nyingi ni ya Dolby AC-3, na mara nyingi pia picha hizo ni za mistari iliyopishana, ambapo kila fremu hujengwa na nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti kidogo. Ukiona kingo za mtu anayecheza ngoma zimechanika kama meno ya kitana, chanzo ni hicho, wala kamera haijaharibika. Simu nazo zina matatizo yake. iPhone zilianza kurekodi kwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi za aina zote hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyopungua, hata sauti ikaachana na midomo ya msemaji ukiiweka video hiyo katika programu isiyovumilia mabadiliko hayo.

Mambo mawili huokoa kazi kubwa bila gharama yoyote. Kwenye iPhone, fungua mpangilio wa kamera, ingia sehemu ya fomati, uchague "Most Compatible", na simu itarekodi kwa H.264, isipokuwa katika baadhi ya viwango vya juu vinavyohitaji HEVC. La pili ni kuwaomba ndugu wanaokutumia vipande vya sherehe kwa WhatsApp wavitume kama hati badala ya video ya kawaida, kwa sababu video ya kawaida hubanwa upya njiani, na ubora uliopotea hapo hakuna programu itakayourudisha.

Nafasi ya kwanza: diski ya nje, ikiambatana na programu za bure

Hesabu yenyewe ndiyo inayoipa diski nafasi hii. AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 11 kwa saa, kwa hiyo saa nne za harusi ni kama gigabaiti 43. Ukiibadilisha video hiyo kuwa ProRes 422, kodeki ya Apple inayopendwa kwa uhariri kwa sababu haiilemei prosesa, kila saa ya picha za 1080 kwa fremu 25 itahitaji takriban gigabaiti 55, na harusi ileile itafika gigabaiti 220. Anayefanya kazi hii kwenye diski ya ndani ya gigabaiti 256 atakwama kabla hajaanza kukata kipande cha kwanza.

Nunua diski ya terabaiti moja au zaidi yenye USB 3.0. Diski ya kawaida inayozunguka inatosha kuhifadhi faili asilia, lakini kwa kuhariria moja kwa moja, SSD ya nje ni bora mno. Hakikisha imeandaliwa kwa exFAT au NTFS, ambayo ni mifumo ya kupanga faili kwenye diski, kwa kuwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Jihadhari pia na flashi na diski bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa: hupokea faili bila malalamiko, kisha zilizozidi ujazo halisi haziwezi kufunguliwa tena. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma upya, na ni vyema makubaliano na muuzaji yaruhusu kuirudisha ikishindwa jaribio hilo.

Ukishapata nafasi ya diski, chaguo la programu ni jepesi. Ninaipa Shutter Encoder kipaumbele, kwa sababu inaweza kuhamisha picha na sauti kutoka kasha moja hadi jingine bila kuzibana upya. Kwa faili za MTS zenye H.264 ambazo programu yako ya kuhariri inazikataa kwa sababu ya kasha tu, uhamisho huu ndio dawa: ubora haupungui hata kidogo, na kazi humalizika kwa kasi ambayo diski inaweza kunakili. Programu hiyo hutengeneza pia ProRes na DNxHR, kodeki nyingine ya kuhariria, kwa wale wenye kompyuta dhaifu. Nyuma yake inafanya kazi FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na asiyeogopa kuandika amri anaweza kuitumia FFmpeg yenyewe. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza pale picha inapoonekana lakini sauti ya AC-3 haisikiki, kwa kuwa amri moja huiacha picha ilivyo na kugeuza sauti peke yake kuwa AAC, kodeki ya sauti inayokubalika na programu nyingi.

HandBrake inafuata kwa karibu, na kwa video za simu ningeitanguliza. Haiwezi kuhamisha kasha bila kubana picha upya, na huo ndio udhaifu wake, lakini hurekebisha vizuri mno tatizo la fremu zinazobadilikabadilika: chagua "Constant Framerate" na sauti itabaki mahali pake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya mipangilio yake iliyo tayari, uchukue "Production Standard", uliotengenezwa kwa ajili ya faili zinazokwenda kuhaririwa, badala ya ile ya "Fast" ambayo imekusudiwa kwa kutazama tu. Ukipanga mwenyewe, kumbuka kwamba namba ndogo ya RF, kipimo cha ubora katika HandBrake, maana yake ni ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa picha za 1080 ninazotaka kuzihariri nisingevuka 18. VLC nayo hubadilisha fomati, na wengi tayari wanayo, ila mipangilio yake ya kazi hii imejificha mno kiasi kwamba siwezi kumshauri anayeanza.

Umeme nao lazima uingie katika hesabu. Faili ya kawaida ya MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, hivyo umeme ukikatika baada ya saa mbili za kubadilisha, kilichopatikana hakitafunguka. Badala ya kuunganisha sherehe nzima kuwa faili moja, panga vipande vyake katika foleni ya programu, ili kukatika kwa umeme kukupotezee kipande kimoja tu. Na kabla ya yote, nakili folda nzima ya AVCHD kutoka kwenye kadi, si faili za MTS peke yake, kwa sababu kamera hugawanya tukio refu katika faili kadhaa na taarifa za kuziunganisha zimo katika folda jirani. Faili asilia zibaki hata baada ya kuzibadilisha, kwani kila mbano mpya hupunguza ubora.

Nafasi ya pili: kompyuta ya mtumba yenye prosesa inayofaa

Ikiwa video zako nyingi ni za HEVC, huenda suluhisho la kudumu likawa kompyuta inayozisoma bila kubadilisha chochote. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, zina sehemu maalumu ya kusoma HEVC ya biti 8, yaani kiwango cha kawaida cha kurekodi rangi. Kizazi cha 7 kiliongeza biti 10. Mimi ningeelekeza fedha kwenye kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu hapo ndipo pia Windows 11 inapoanza kukubaliwa rasmi kwa upande wa Intel. Kukitambua kizazi si kazi ngumu: katika i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, na katika i5-4300U ni 4, hata kama zote mbili zimebandikwa maandishi makubwa ya i5. Muuzaji anayesema tu "hii ni Core i5" hajakuambia lolote linalohusu video. RAM iwe gigabaiti 16, au 8 kwa uchache endapo kuna nafasi ya kuongeza, na betri iwe hai ili imudu mkatiko mfupi wa umeme.

Nenda dukani, iwe Kabwe, Mafiati au Iringa mjini, ukiwa na flashi yenye kipande halisi kutoka kamera yako. Kicheze, uvute kishale mbele na nyuma, na uangalie matumizi ya prosesa katika Task Manager ya Windows. Yakifika karibu asilimia 100 kwa kipande kimoja, mashine hiyo haikufai, hata ikipunguzwa bei. Wenye kamera mpya zinazorekodi biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, unaohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi, wafahamu kwamba kizazi cha 8 hakitawasaidia. Kwa HEVC ya aina hiyo, nafuu kamili kwa laptop za Intel ilifika na kizazi cha 11.

Asiye na fedha ya kompyuta nyingine atumie proksi. Kdenlive, Shotcut na DaVinci Resolve, zote zikipatikana bure, zinaweza kutengeneza nakala nyepesi ya kila video, ukahariri kwa nakala hiyo, kisha programu ikarejea faili asilia wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Ni njia nzuri sana, na gharama yake ni muda na nafasi ya diski tu.

Nafasi ya tatu: kanda za zamani

Hili linawahusu wachache, lakini wanaohusika wasikawie. Kanda zilizokaa miaka mingi katika nyumba zenye unyevu za Tukuyu au Rungwe huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuchafua vichwa vya mashine inayozisoma. MiniDV tayari ni dijitali: ihamishwe kwa kebo ya FireWire, ambayo kompyuta za leo kwa kawaida hazina tundu lake, ili upate DV ilivyo, takriban gigabaiti 13 kwa saa. VHS na Hi8 huhitaji kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, pamoja na deki nzima inayocheza vizuri. Kwa kanda chache, naona ni nafuu kumpa mwenye studio aliye na vifaa hivyo, kwa sharti moja lisilojadiliwa: akurudishie faili kwenye diski yako, wala si DVD, kwa sababu DVD hubana picha tena kwa MPEG-2.

Nafasi ya nne: programu ya kuhariri ya kulipia

DaVinci Resolve Studio huuzwa kwa dola 295 za Marekani, malipo ya mara moja, na ni mkombozi hasa kwa watumiaji wa Linux, kwani toleo la bure la huko halisomi H.264 wala H.265. Kwa mwenye Windows ningesubiri hadi kazi yenyewe ianze kumlipa. Nyongeza ya HEVC katika duka la Microsoft, inayouzwa senti 99 za dola, ijaribiwe kwanza, kwani kuna programu zinazoitegemea.

Nafasi ya mwisho: programu za kulipia za kubadilisha fomati, na tovuti

Matoleo ya majaribio ya programu hizi kwa kawaida huweka chapa juu ya picha au hukata video katikati, na nakala zilizovunjwa ulinzi wake zinazogawiwa kwa flashi mitaani hubeba virusi mara kwa mara. Tovuti za kubadilisha fomati zinakutaka upandishe faili zako zote. Gigabaiti 43 za harusi kwa bando la simu ni gharama kubwa, na sherehe ya familia ya watu inakuwa imekabidhiwa kwa seva usiyoijua. Hata programu za bure zichukuliwe kwenye tovuti zake rasmi, HandBrake ikiwa handbrake.fr, na uhakiki kwamba msimbo wa utambulisho wa faili (checksum) unalingana na ulioandikwa pale kabla ya kufungua: Mei 2017 moja ya seva zake za kupakulia ilivamiwa, na kwa siku chache baadhi ya watumiaji wa Mac wakapakua toleo lililotiwa programu hasidi.