Miaka mitatu nanunua jazi huru nikiwa Lubumbashi: Bandcamp, kaski ya waya na santuri moja iliyopinda

Watu wanaoleta simu kwenye kibanda changu, hapa Lubumbashi, kwenye komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, huniuliza muziki ninaousikiliza ni gani na nautoa wapi. Jibu la kusimama mlangoni halitoshi, kwa hiyo naliandika hapa lote. Ni jazi huru, ile inayobuniwa papo hapo, bila karatasi ya nota na mara nyingi bila mdundo wa kuhesabu. Nautoa Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki na kampuni zao huuza kazi zao, kwa kununua, huu ni mwaka wa tatu. Mwezi nikiwa na dola 10 za ziada nanunua albamu moja. Nikikosa nangoja.

Sikuanza na faili. Marehemu baba, mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, aliacha gramafoni, amplifaya, mabafle (spika) mawili na santuri kama 40: za Wakongo Franco, Rochereau na Mwenda Jean Bosco, na mbili za Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani. Armstrong alipokuja kupiga hapa Novemba 1960, mji ukiwa bado Elisabethville, baba alikuwa mtoto, na mpaka anazeeka alikuwa akilitaja jina hilo kama la jirani. Nikakua nikiamini kwamba muziki wa kweli ni ule wa sindano.

Basi nikaagiza santuri kutoka duka moja la Ulaya. Nilichagua Blue Notes for Mongezi, albamu ya kundi la Blue Notes la Afrika Kusini, santuri mbili ndani ya jalada moja, iliyotumika, euro 35. Usafiri peke yake euro 31. Kifurushi kilichukua wiki saba, kikafika kimepasuliwa na kubandikwa upya, na santuri ya pili imepinda. Nilipoiweka, mkono wa sindano ukawa unapanda na kushuka kama mtumbwi, na kila mzunguko saksafoni ya Dudu Pukwana, mmoja wa kundi hilo, inalegea, inakaza, inalegea tena. Niliwaandikia wenye duka na picha nne. Wakajibu kwamba malalamiko hupokelewa ndani ya siku 14 tangu mzigo utumwe. Wangu ulikuwa njiani siku 49. Niliumia sana, na nasema hivyo wazi, maana pesa ile ilikuwa ya miezi miwili ya kujibana.

Santuri ni kitu kizuri kwa mtu anayeweza kuingia dukani, kuitoa kwenye jalada na kuiinamisha kwenye mwanga kabla ya kulipa. Kwa sisi wa huku, usafiri wa santuri moja unanunua albamu tatu au nne za faili.

Sasa Bandcamp. Kuna mengi ya kusema, nitaanza na lililonivuta. Albamu nyingi unaweza kuzisikiliza nzima kabla hujatoa hata senti, na kwa muziki huu hilo ni muhimu kuliko kwa rumba. Rumba ukisikia sekunde 30 umeshajua unachonunua. Mpiga saksafoni anayebuni peke yake kwa dakika 20 humjui mpaka umalize zote 20. Usikilizaji huo wa bure ni wa MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde), yaani karibu mega (megabaiti) moja kwa dakika, kwa hiyo hesabu mega zako mapema. Ukishalipa unachagua mwenyewe aina ya faili: MP3 ya 320, FLAC, WAV na nyinginezo. MP3 ya 320 inakula mega 2.4 kwa dakika, albamu ya dakika 40 inafika kama mega 96. FLAC ni zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini haijapoteza chochote cha sauti. Na faili ukishainunua inabaki kwenye akaunti yako. Simu ikiibiwa unaishusha upya.

Mimi nashusha FLAC, na sababu nitaionyesha kwa albamu moja tu. Albert Ayler alirekodi Spiritual Unity mjini New York tarehe 10 Julai 1964. Walikuwa watu watatu: yeye na saksafoni, Gary Peacock na kontrabasi (besi kubwa ya nyuzi inayosimamishwa), Sunny Murray na ngoma. Murray hashiki mdundo. Anatandaza matoazi chini ya Ayler kama mtu anayetandika shuka na kulikung'uta. Kwenye 128 matoazi hayo yanageuka mchele unaomwagwa kwenye sinia, mfululizo, huwezi kutenga punje na punje. Kwenye FLAC unasikia kijiti kikigusa, halafu shaba inalia, halafu inazimika polepole wakati ya pili imeshaanza. Nasema shaba kwa makusudi. Matoazi mazuri hutengenezwa kwa shaba sehemu 80 na bati sehemu 20, na mtu wa Lubumbashi hawezi kusikia shaba ikilia namna hiyo akakaa kimya.

Walioitoa albamu hiyo ni ESP-Disk, kampuni ya mwanasheria Bernard Stollman, ambayo mwanzoni ilikuwa na nia ya kueneza lugha ya Esperanto. Kwenye majalada yao waliandika kwamba wanamuziki peke yao ndio wanaoamua utakachosikia. ESP-Disk wako Bandcamp. Utawakuta pia Ogun, kampuni iliyoanzishwa London na Harry Miller, mpiga kontrabasi wa Afrika Kusini, pamoja na mkewe Hazel. Sun Ra, mpiga piano na kiongozi wa bendi, yupo, na albamu nyingi ajabu. Kampuni za Intakt ya Zürich na Clean Feed ya Lisbon zipo, kama unataka vitu vya miaka hii. Usichokipata kwa urahisi ni kazi kongwe za kampuni kubwa, kama za wapiga saksafoni Coltrane wa Impulse na Ornette Coleman wa Atlantic. Hizo nilizitafuta kwa CD za mitumba, kupitia ndugu wanaorudi likizo kutoka Ubelgiji.

Malipo. Bandcamp inataka kadi au PayPal. Pesa za simu haipokei. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara mbili, nikarudi kaunta mara mbili, hadi mfanyakazi mmoja aliponiambia kwamba haijafunguliwa kwa malipo ya intaneti. Dakika tano ikafunguliwa. Ulizeni hilo siku ileile mnapochukua kadi.

Halafu kuna Ijumaa ya Bandcamp. Siku za kawaida wanachukua asilimia 15 ya bei ya faili. Tangu Machi 2020, ulimwengu ulipofungwa kwa sababu ya korona na wanamuziki kukosa maonyesho, wametenga Ijumaa fulani ambazo hawachukui fungu lao. Si kila mwezi, angalia kalenda yao. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu inaanza saa tatu asubuhi, au saa nne kutegemea majira ya kwao. Mimi huweka manunuzi yangu yote siku hizo. Wapigaji wa muziki huu si matajiri, na wengi wao ni wazee. Dola yangu ikifika karibu nzima nafurahi.

Nilijaribu pia huduma ya kusikiliza kwa kulipia mwezi. Kura, yaani umeme, ikikatika, na intaneti ya nyumbani inakwenda nayo. Albamu mbili nilizoweka kwenye orodha yangu zilitoweka bila taarifa. Niliacha baada ya miezi minne, na hapo sina zaidi la kusema.

Kinachosikilizwa nacho kina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Kwa muda mrefu nilitumia bafle ndogo ya Bluetooth, ile ya kubeba mkononi, na kuna CD moja iliyonishinda kabisa: Free Jazz ya Ornette Coleman. Ilirekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960, mwezi mmoja tu baada ya Armstrong kuwa hapa kwetu, na chini ya mwezi mmoja kabla ya Lumumba kuuawa nje ya mji huuhuu, tarehe 17 Januari 1961. Siwezi kuisikiliza bila kukumbuka hizo tarehe tatu. Februari iliyofuata, mwimbaji wa jazi Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach walikuwa miongoni mwa waandamanaji walioingia ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupiga kelele kwa ajili ya Lumumba. Wanajazi wa kule walijua yaliyokuwa yakitendeka huku.

Rekodi yenyewe ni dakika 37 bila kukatika. Wanamuziki ni 8, wamegawanywa makundi mawili ya watu 4, na kila kundi lina upande wake wa stirio. Kushoto ni Coleman na saksafoni, Don Cherry na tarumbeta, Scott LaFaro na kontrabasi, Billy Higgins na ngoma. Kulia ni Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden na kontrabasi, Ed Blackwell na ngoma. Bafle ndogo nyingi zina spika moja, au mbili zilizokaribiana mno. Pande zote zinamwagika pamoja, na watu 8 wanakuwa soko la Kenya siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Coleman si wangu. Siku nilipochomeka kaski ya waya, yaani visikilizi vya kuvaa kichwani, ya dola 25, nilisikia vyumba viwili vyenye mlango wazi katikati. Ngoma mbili hazigongani tena. Higgins anatembea huku, Blackwell anamjibu kule. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari Julai 1961. Ukitaka kumkuta, yuko sikio la kushoto, chini.

Naongeza la ufundi, maana nimeliona kwenye simu za wateja wengi. Katika mipangilio ya Android, sehemu ya ufikivu, kuna swichi ya sauti ya mono. Ikiwashwa, hata kaski ya dola 300 itakupa masikio mawili yanayosema kitu kimoja. Izime. Angalia pia kama kile kipini cha mizani ya kushoto na kulia kiko katikati. Na waya ukilegea kwenye kichwa chake usitupe kaski, lete tuiunge.

Spiritual Unity yenyewe ni ya mono, kwa hiyo hiyo unaweza kuipiga kwenye bafle ndogo usikose mtu.

Blue Notes for Mongezi baadaye niliipata kama faili. Nimeipiga mara nyingi kuliko albamu nyingine yoyote, na nataka kueleza kwa nini. Blue Notes walikuwa vijana wa Afrika Kusini, Weusi pamoja na mpiga piano Mzungu, Chris McGregor, waliotoka nchini mwao mwaka 1964 kwa sababu ubaguzi wa rangi uliwanyima hata jukwaa moja la pamoja. Mpiga tarumbeta wao, Mongezi Feza, alifariki London Desemba 1975, akiwa na miaka 30. Baada ya ibada ya kumbukumbu, tarehe 23 Desemba, wanne waliobaki, yaani McGregor, Pukwana, Johnny Dyani na Louis Moholo, waliingia chumbani wakapiga. Hawakupanga wimbo, hawakuelekezana. Wanapiga, wanaimba, wanaita. Kwenye santuri ilibidi yapunguzwe ili yaingie pande nne.

Siku moja Jumapili niliipiga kwenye mabafle ya baba, sauti ya kawaida tu. Mama alikuwa amekuja toka Likasi, yuko uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mikono.

— Iko kilio ya nani?

Nikamwambia, ni ya kijana mmoja wa Afrika Kusini, mpiga tarumbeta, alikufa ugenini, hawa ni wenzake. Sikumwambia kwamba ni jazi. Aliingia ndani akakaa kwenye kiti cha baba, majani ya sombe bado yako kwenye kitambaa mapajani. Alisikiliza karibu nusu saa. Dyani alipoanza kuita kwa sauti, mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemtambua mgeni aliyefika kilioni.

— Banalia muzuri, akasema.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu muziki huu, na hakuna lililonisaidia kama hilo. Wanaosema kwamba ni makelele ya watu wasiojua kupiga, ningependa wakae kwenye kile kiti.

Wiki iliyopita kura ilikatika saa kumi na mbili jioni, tukiwa bado na simu tatu mezani. Kijana ninayemfundisha kazi alitaka kujua kwa nini navaa kaski nikiwa na macho yamefumba. Nikatoa visikilizi vidogo vya waya, nikampa cha kulia, mimi nikachukua cha kushoto, nikaweka Free Jazz. Wa kwanza kujitokeza peke yake ni Dolphy, kwake. Kwangu ni ngoma na kontrabasi tu, na Coleman na Cherry wakichokoza mara mojamoja.

— Yaya, huyu anaongea, akaniambia.

Akaja Hubbard, bado upande wake. Halafu upande wake ukabaki na nyuzi na ngoma, na kwangu Coleman akafungua mdomo. Kijana akakigonga kisikilizi chake kwa kidole.

— Inakufa?

Nikavua cha kushoto nikampa.