Walimwekea Adela ngurumo: uzoefu wangu na hadithi za kusikiliza

Nimejitoa kwenye huduma yao ya kusomewa hadithi kwa simu. Hela ya mwezi wameshaikata kwenye simu, wakae nayo.

Kilichonifikisha hapa ni “Nyumba ya Adela” ya Mariana Enriquez, mwandishi wa Argentina. Nilishaisoma, nikatamani kuisikia kwa Kiswahili usiku, taa nimezima. Clara anasimulia habari za kaka yake Pablo na rafiki yao Adela, binti mwenye mkono mmoja. Hao wawili huangalia filamu za kutisha. Clara kakatazwa na wazazi, anaishia kusimuliwa. Hofu yote imepandwa hapo, kwenye wivu wa mtoto aliyeachwa nje. Siku wanayoingia wote watatu kwenye nyumba iliyotelekezwa mtaani kwao, Adela anafungua mlango wa chumba, anapita, anaufunga. Polisi wanakuja, hicho chumba hakipo. Pablo hapoi tena. Miaka inapita, anajitupa relini.

Habari ya Pablo haitaki nyongeza. Anayetusomea anyamaze kidogo, basi. Wao wakaweka nini? Ngurumo! Kisha fisi, kisha kicheko. Dada anamlilia kaka yake, huku nyuma mtu anacheka hi hi hi kama jini wa mchezo wa redio. Maneno ya mwisho sikuyasikia kabisa.

Nikawaandikia, kwa adabu tu. Jibu: “Dada, hadithi ya kutisha lazima itishe.” Na emoji ya kucheka juu yake!

Enriquez alizaliwa Buenos Aires mwaka 1973, utoto wake ukaangukia utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watu wakichukuliwa majumbani na maiti zao zisionekane. Kule, mzazi anayemtafuta mtoto asiye na kaburi si kitu cha kutungwa. Halafu wewe unamwekea fisi.

Nyota moja. Ingawa, haki yake nimpe dada anayesoma: pale watoto wanapoingia ndani, kabla vurugu hazijaanza, alishusha sauti taratibu hadi nikajikuta nimekaa kitako kitandani. Huyo dada peke yake nampa tano. Basi ziwe mbili, au hata tatu... La! Nikikikumbuka kile kicheko narudi kwenye moja. Ila wakitoa sauti yake tupu bila hayo makorokoro, nalipa tena, hata leo usiku.