Nimeitumia FRED kuangalia takwimu za ujenzi wa mashamba, haya ndo maoni yangu

Mie niko na hadwea Kisauni, nauza mabati, misumari, simiti na seng'enge, na wateja wangu wengi si wa mjini, ni watu wa mashamba huko Kilifi na Kwale. Miaka yote naona kitu kimoja, mkulima akishika pesa ya korosho kwanza atalipa deni na karo, lakini ukimwona yuaja kuchukua mabati ya ghala na seng'enge ya kuzungushia shamba basi ujue huyo ana imani na mwaka ujao. Nikawa nataka kujua kama kuna mahali watu waliweka hesabu ya jambo hili kwa miaka mingi, ndo kijana wangu akanifungulia FRED, tovuti ya takwimu za uchumi, kwa leptopu.

Ni ya Federal Reserve Bank of St. Louis kule Marekani, iko tangu 1991 na ni bure, kuangalia tu hata akaunti huhitaji. Takwimu ni nyingi mno, zaidi ya mifululizo laki nane (mfululizo mmoja ni hesabu ya kitu kimoja kwa miaka au miezi mingi)! Kilichonivuta mie ni ule mkusanyo wa zamani wa NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya huko Marekani, umepangwa sura 16, ujenzi ni sura ya 2, akiba na uwekezaji ni ya 10. Unachagua mfululizo, grafu inatokea, na ile miaka uchumi uliposhuka imepakwa kijivu, kwa mfano Januari 1920 mpaka Julai 1921, tena Agosti 1929 mpaka Machi 1933. Unaongeza na bei za mazao juu ya grafu hiyohiyo ukazitazama pamoja, na ukitaka kudanlodi kwa Eksel ni mara moja tu.

Hapo ndo nilikaa mpaka saa saba usiku. Wakulima wa Marekani wakati wa vita vya kwanza vya dunia walikopa sana kununua ardhi na mashine kwa sababu ngano ilikuwa bei juu, 1920 bei ikaanguka deni likabaki palepale, halafu miaka yote ile ya 1920 mijini wanapandisha maghorofa huku benki za vijijini zinafungwa moja baada ya nyingine. Mtu aliyekuwa anaangalia soko la hisa peke yake aliona shida imeanza Oktoba 1929, kumbe shambani walikuwa nayo kitambo. Bei ya mazao inakwambia mkulima amepata nini mwaka huu, lakini ghala jipya linakwambia anautarajia vipi mwaka unaofuata, na hicho ndo kitu mie nakiona pale kaunta.

Sasa tahadhari, maana ukikimbilia kusoma mstari tu utapotea. Aprili 1942 serikali yao ilizuia ujenzi usio wa lazima, na wa mashambani pia, ili vifaa viende vitani, kwa hivyo ujenzi ukiwa chini miaka ile usiseme mkulima hana pesa, pesa anaweza kuwa nayo ila ruhusa hana. Halafu nyingi ni dola za wakati ule, lazima uzigawanye kwa kipimo cha bei ili uondoe kupanda na kushuka kwa bei, nashukuru mumo humo unaweza kugawanya mfululizo mmoja kwa mwingine. Na ile mifululizo ya zamani mingi inakatika, usiichukue ukaunganisha na mipya kama kamba moja, soma maelezo chini ya grafu kwanza, yako kwa Kiingereza lakini ni mafupi.

Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata ni ya lugha.

Kwetu KNBS, shirika la takwimu la Kenya, hutoa ripoti ya uchumi, Economic Survey, kila mwaka na ndani mna uwekezaji wa mtaji na matumizi ya simiti, nayo pia nimeisoma, ila ile simiti ni ya nchi nzima, haikutengei iliyoenda ghorofa ya Nyali na iliyoenda ghala la Magarini. Kwa hivyo mie nshaanza yangu, kila anayechukua mabati namuuliza ni ya wapi na ni ya nini, naandika kwa daftari.

Ukiingia FRED mara ya kwanza anza na takwimu za mwaka, usianze na za mwezi, mkulima hajengi kila mwezi, hungoja avune.